Ardhi Moja kwa Transfoma Mbili

Dokta Ezron Nsemwa aligoma kuingia kwenye chumba cha transfoma. Alisimama mlangoni, upande wake wa jengo, leso puani kana kwamba umeme una harufu, akamwacha Mkaguzi Subilaga Mwakatundu aingie na Anyosisye, fundi wa jengo, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye mfuko wa spana ulikuwa umemshusha bega moja.

"Nitasubiri hapa," alisema Dokta. "Huko ni njia ya wafanyakazi."

Subilaga aliwasha tochi. Katika miaka kumi na tisa ya ukaguzi alishakutana na wenyeviti wa mabaraza wa kila namna, naye alikuwa amewagawa makundi mawili: wasiojua wanachokisema, na wanaojua lakini hawajali. Huyu alikuwa hajamweka kundi lolote bado, ingawa leso ilikuwa imeanza kumsaidia kuamua.

Jengo Pacha lilisimama kwenye mteremko chini ya mlima Loleza, Mbeya. Upande wa Juu ulitazama barabara yenye maua. Upande wa Chini ulitazama karakana za magari na mabanda ya mitumba. Milango yote kati ya pande hizo ilikuwa imezibwa kwa zege, ukabaki mmoja tu, na mlango huo ulipita ndani ya chumba hiki kisicho na dirisha, katikati ya transfoma mbili zilizosimama bega kwa bega. Moja ilipakwa rangi nyeupe na kubandikwa kibao cha shaba: JUU. Nyingine ilikuwa ya kijivu, yenye kutu, na mtu alikuwa ameiandika kwa chaki: CHINI.

Subilaga alinyoosha tepu kati yake. Sentimita sitini. Sakafu ya hapo katikati ilikuwa imelika kwa nyayo.

"Wanapita wangapi?"

"Sabini na kitu asubuhi, na hao hao jioni," alisema Anyosisye. "Wapishi, yaya, wafua nguo. Sisi tunakaa Chini, kazi ziko Juu. Geti la Juu halitufungukii, mama mkaguzi. Linasoma mhuri wa chaji kwenye simu ya mtu."

"Na Asajile alikuwa amesimama wapi?"

"Hapo ulipo."

Asajile Mwaipopo alikuwa mpaka rangi. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, alikuwa anaipaka ile nyeupe rangi mpya, kiganja kimoja juu yake, mgongo ukiegemea ile ya kijivu. Radi ilipiga laini ya umeme mahali fulani mlimani. Barua ya Baraza la Upande wa Juu ilisema marehemu alikuwa na moyo dhaifu. Aya ya pili iliongeza kwamba alinuka pombe. Mwandishi, inaonekana, aliona sababu moja haitoshi.

Subilaga alitoa mita, akabana waya mmoja kwenye mwili wa ile nyeupe na mwingine kwenye ile ya kijivu. Namba zilipanda hadi volti thelathini na nane, zikatulia.

"Na hii ni siku nzuri," alisema. "Siku ya hitilafu zitakuwa mia tano, mia sita."

Alizungumza kwa sauti ya kumfikia mtu wa mlangoni. Transfoma huwa na waya wa ardhi, waya wa shaba unaouunganisha mwili wake na ufito wa chuma uliozikwa ardhini. Hitilafu ikiingia, mwili mzima wa transfoma hupanda volti kwa kitambo kidogo, mpaka fyuzi ikate. Zikiwa mbili mahali pamoja, hufungwa pamoja kwa shaba na kupewa ardhi moja, ili ikipanda moja na nyingine ipande, na anayezigusa zote mbili asihisi kitu, kama ndege aliyetua kwenye waya mmoja. Lakini nyeupe ilikuwa na ufito wake bustanini Juu, na ya kijivu ufito wake kule Chini kwenye karakana. Ikipanda moja, nyingine ilibaki pale pale. Anayezigusa zote mbili alikuwa ndiye waya.

"Mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hili," alisema. "Kipande cha shaba cha mita moja na bolti nne. Kazi ya robo saa."

Akainamisha tochi. Nyuma ya transfoma ya kijivu kulikuwa na kipande cha shaba cha zamani, kimekatwa kwa msumeno, alama za meno bado zinaonekana nchani.

"Nani alikata hiki?"

Anyosisye alitazama mlangoni kwanza. "Mimi," alisema. "Kwa barua ya Baraza. Mwaka wa kumi na moja sasa."

*

Chai ya Dokta Nsemwa ililetwa na msichana aliyevaa glavu nyeupe. Ukutani mwa ukumbi kulikuwa na kioo kinachoonyesha nasaba ya umeme unaotumika Juu: bwawa ulikozaliwa, mashine iliyouzaa, saa na dakika. Watu wa Juu waliusoma kama wengine wanavyosoma ukoo. Subilaga aliwahi kuhudhuria harusi ambako mshenga alitaja nasaba ya umeme wa bwana harusi kabla hajamtaja baba yake.

Hakuwa na haki ya kuwacheka, na alilijua hilo. Mhuri ulikuwa kazi ya mikono yake. Akiwa na miaka ishirini na saba, fundi katika hospitali ambayo majirani waliiibia umeme kila upasuaji ulipoanza, alibuni namna ya kuutia umeme alama ndogo, mpapatiko mdogo usiodhuru kitu, ili mita iweze kusema: huu ni wa chumba cha upasuaji, umefikaje kwenye baa? Ulifanya kazi vizuri mno. Kampuni iliununua. Baada ya miaka mitano mhuri ulikuwa unauzwa kwa wanaoweza, na umeme usio na mhuri ukaitwa umeme pori. Baada ya kumi ukawa sheria, na milango, lifti na mashine za wenye nacho vikafundishwa kukataa kisicho na mhuri.

"Ninachoagiza ni kipande cha shaba kirudishwe leo," alisema.

"Haiwezekani, Mhandisi." Dokta aliweka kikombe chini taratibu. "Ukizifunga pamoja, umeme wetu utavujia kwao kupitia huo waya."

"Hautatosha hata kuwasha taa moja."

"Hoja si wingi. Hoja ni mhuri. Mita zao zikiunusa mhuri wetu, zinakata umeme wa Upande wa Chini wote papo hapo, na kuandika wizi. Si mimi, ni sheria. Na nadhani umeiona zahanati yao pale chini. Wana watoto njiti wawili kwenye mashine." Alitabasamu kidogo. "Unataka kuwazimia?"

Kwa hiyo alikuwa wa kundi la pili. Alijificha nyuma ya watoto wa watu ambao asingewaruhusu wapande lifti yake.

"Basi nifunge hiyo njia. Wafanyakazi wapite getini kwenu."

"Getini?" Alionekana kutoelewa kabisa, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wapite sebuleni. "Wamepita pale miaka kumi na moja. Amekufa mmoja. Mlevi."

"Ninaweza kuzizima zote mbili mpaka zihamishwe."

"Kwa miezi mingapi? Na zahanati je? Na mama yangu je? Yuko ghorofa ya nne, ana pampu ya moyo. Haipokei umeme pori." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, akiichanganya sukari. "Andika tu kwamba pawekwe kibao cha tahadhari. Mkaguzi aliyepita aliandika hivyo, na watu wakaendelea na maisha yao."

Subilaga aliinuka. Kulikuwa na njia ya nne ambayo Dokta hakuijua, wala kampuni haikuijua tena. Ndani ya kisanduku cheusi kilichofungwa lakiri kwenye transfoma nyeupe, kile kinachotia mhuri, ulikuwamo mlango wa dharura ambao yeye mwenyewe, enzi za hospitali, aliuacha kwenye mchoro wa kwanza: pini tatu ambazo zikiunganishwa kwa waya, mhuri unakufa. Aliuweka ili siku mhuri ukileta matatizo mgonjwa asikose umeme. Mhuri wa Juu ukifa, shaba ingeweza kurudishwa, na mita za Chini zisingekuwa na cha kunusa. Kuvunja lakiri ile ilikuwa kifungo. Hilo alilipima haraka. Lililomkwamisha ni ghorofa ya nne.

"Naomba niikague hiyo pampu," alisema.

*

Bi Atuganile Nsemwa alikuwa na miaka themanini na sita na hasira za mtu wa arobaini. Alikuwa amelala kwenye kitanda chenye vitufe vingi kuliko gari, waya ukitoka chini ya kanga yake hadi kwenye mashine ndogo ya fedha. Mlezi wake, mama mmoja wa makamo aitwaye Tupokigwe, alikuwa anamkanda miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kuiangalia mashine, iangalie uondoke. Kila mgeni wa Ezron huletwa humu kuiangalia. Mimi sijawahi kuulizwa habari."

Subilaga alivuta kiti. Alimweleza yote, bila kupunguza: mpaka rangi, shaba iliyokatwa, sentimita sitini, mhuri. Alimwambia kwamba mhuri ukizimwa pampu hii itahamia betri, na betri ina saa tano. Zahanati ya Chini ilikuwa na pampu kama hii, ya zamani, iliyotengenezwa kabla kampuni haijaanza kuringa, nayo ilipokea umeme wowote.

"Na nikihamishwa nitakufa?"

"Sidhani. Lakini siwezi kuapa. Moyo wako si wangu."

Bi Atuganile alimgeukia Tupokigwe. "Wewe unapita hapo?"

"Kila siku, bibi. Na beseni la nguo zako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, bibi."

Yule mzee alivuta kanga hadi kidevuni. Subilaga alidhani anafikiria kifo, kumbe sivyo. "Sitaki kwenda Chini," alisema hatimaye. "Kule wananijua. Nimeuza nao viazi miaka thelathini. Ezron alipopata hii nyumba niliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo sijamtuma mtu hata kuwasalimia. Nitaingia kule nimebebwa, niseme nini?"

"Sijui, mama."

"Wewe ni mkaguzi gani usiyejua kitu." Akavuta pumzi. "Mashine kama hii inazaa watu wajinga. Nami nilikuwa mmoja wao. Tupokigwe, nipe kitenge. Siendi kule na gauni la kulalia."

*

Muuguzi wa zahanati, Sista Lugano, alikuwa mwanamke mfupi aliyesikiliza akiendelea kuhesabu vidonge.

"Utazima kwa muda gani?"

"Robo saa. Ishirini zikizidi."

"Watoto nitawafunga vifuani kwa mama zao. Wanapenda huko kuliko kwenye mashine." Akafunga kichupa. "Na huyo mama wa Juu, nimtandikie wapi? Sina kitanda chenye vitufe."

"Popote penye pampu."

"Basi karibu na choo," alisema Sista Lugano. "Harufu itawakumbusha kwamba na sisi tupo."

Mawingu yalikuwa yameshafunika kilele cha Loleza. Anyosisye aliyatazama, akamtazama Subilaga, akaenda kuleta kiti cha mbao chenye mikono. Hakuuliza kama ana kibali. Alipita dukani akachukua shaba mpya na bolti, akarudi na msumeno pia, ambao haukuhitajika. Labda mikono yake ilikuwa imeuzoea kwa kazi hiyo.

Walizima transfoma ya kijivu kwanza, kisha nyeupe. Subilaga aliweka kufuli zake mbili kwenye swichi kuu na funguo mfukoni. Jengo Pacha likanyamaza kuanzia juu hadi chini. Kisha Anyosisye na Tupokigwe wakamshusha Bi Atuganile kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, pampu mapajani mwake ikilia mlio wa betri kila baada ya sekunde kumi.

Dokta Nsemwa aliwakuta chini ya ngazi, akiwa na simu sikioni.

"Mnampeleka wapi?"

"Chini," alisema mama yake.

"Mama, hujui wanachokufanyia. Kule hakuna hata daktari. Umeme wao hauna..." Alitafuta neno. "Hatujui unatoka wapi."

"Na wewe ulitoka wapi, Ezron?"

Dokta alimshika Subilaga mkono. "Nitakushtaki. Unamwua mama yangu kwa ajili ya watu wanaobeba mabeseni."

Subilaga aliitazama ile mikono laini juu ya mkono wake wa koti. Angeweza kusema mengi. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya maneno. "Niachie, Dokta," alisema. "Betri inaliwa."

Aliachia. Lakini hakuwafuata. Walipoingia kwenye chumba cha transfoma na tochi, kiti kikawa kipana kuliko njia kwa vidole viwili, ikabidi wakiinue kimshazari. Bi Atuganile alizitazama transfoma zikipita kushoto na kulia usoni pake, moja nyeupe na moja ya kijivu, akanyoosha mkono akaigusa ile ya kijivu kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Upande wa pili mlango wa Chini ulikuwa wazi. Wanawake watano walikuwa wamesimama pale. Mmoja aliondoa ndoo njiani ili kiti kipite, akarudi mahali pake.

Lakiri ya kisanduku cheusi ilivunjika kwa bisibisi moja. Pini tatu zilikuwa pale pale alipozichora akiwa msichana. Subilaga aliziunganisha, kisha yeye na Anyosisye wakafunga shaba: bolti mbili kwenye nyeupe, mbili kwenye ya kijivu, na waya mnene hadi kwenye nondo za jengo lenyewe. Anyosisye alikaza bolti ya mwisho mpaka spana ikateleza. Kisha akaikaza tena.

Umeme ulirudi saa tisa na dakika nane. Subilaga alibana mita kwenye miili miwili. Sifuri, ikacheza kidogo, sifuri tena. Mita za Chini zilikuwa kimya. Kule zahanati pampu ya zamani ilikuwa inapiga kelele kama cherehani, na Bi Atuganile alikuwa anawalalamikia wote kwamba pananuka dawa.

Upande wa Juu ulikuwa na taa zote na hakuna kilichofunguka. Lifti zilisimama. Geti la maua lilinusa umeme usio na nasaba likajifunga. Kufikia saa kumi watu wa Juu walikuwa wamekusanyika ukumbini wakibonyeza vitufe vilivyokuwa vikiwatii jana, na radi ya kwanza ilipolia mlimani mtoto mmoja akaanza kulia kwamba anataka kutoka. Njia ya kutoka ilikuwa moja.

Walipita mmoja mmoja. Wanaume wenye suti walipita kiubavu, wamebana mikono kifuani. Mama mmoja alivua viatu akavishika, bila sababu yoyote ambayo mtu angeweza kuieleza. Radi ilipiga walipokuwa njiani, taa zikafifia na kurudi, na waliokuwa katikati walijikuta wameshika transfoma zote mbili kwa hofu. Hawakuhisi kitu. Wakaendelea, bila kushukuru, wakatokea kwenye karakana na mitumba kwenye mvua, wakauliza teksi zinapatikana wapi. Wafua nguo waliwaonyesha kwa kidevu.

Dokta Nsemwa alipita wa mwisho. Alikwenda hadi mlango wa zahanati, akamwona mama yake akinywa uji kwa kikombe cha plastiki, na kwa muda akawa hajui asimame wapi. Sista Lugano alimwambia asimame popote asipozuia njia.

*

Subilaga alifukuzwa kazi siku ya tatu. Siku ya nne alikamatwa kwa kuvunja lakiri.

Bi Atuganile aliishi Chini siku kumi na tisa. Siku tano za kwanza hakuna aliyemsemesha ila Sista na Tupokigwe. Siku ya sita mwanamke mmoja aliyewahi kuuza viazi jirani na meza yake aliingia, akamtukana kwa muda mrefu kidogo, kisha akakaa. Siku ya kumi na tisa, baada ya chakula cha mchana, moyo ulisimama huku pampu ikiendelea. Daktari aliyeitwa alisema ni uzee. Wakili wa Dokta Nsemwa alisema ni umeme pori.

Subilaga hakujua. Alilifikiria sana, rumande na baada ya dhamana, akizipanga volti na siku kichwani kama alivyozoea kupanga kila kitu, na hesabu haikutoka. Huenda pampu ya fedha ingemwongezea mwaka. Huenda isingemwongezea hata asubuhi. Sabini na kitu walikuwa wamepita kati ya zile transfoma kila siku tangu shaba irudishwe na hakuna aliyeanguka, lakini hilo nalo mtu asingeweza kuliweka mbele ya hakimu, kwa kuwa asiyekufa hana cheti.

Mahakamani wakili alikuwa kijana nadhifu, mwenye saa iliyoonyesha nasaba ya chaji yake. Alimuuliza maswali mengi ya kiufundi aliyokuwa ameyasoma vibaya, naye akamsahihisha kila moja, polepole, mpaka hakimu akamwomba ajibu tu. Dokta Nsemwa alikaa mstari wa mbele amevaa nyeusi. Anyosisye alikaa nyuma kabisa, mfuko wa spana kati ya miguu.

"Swali la mwisho," alisema wakili. "Marehemu alikuwa mzee, mgonjwa, hana kosa. Ulijua anaweza kufa. Kama siku ile ingerudi leo, ungeukata tena mhuri ule?"

Subilaga alimtazama Dokta kwanza. Alitaka kumdharau kama alivyomdharau siku ya leso, ikashindikana. Alichokiona ni mtu mwenye macho mekundu, aliyekuwa amenunua kitu alichokibuni yeye, Subilaga, kikamtumikia kama alivyoahidiwa na watengenezaji.

"La," alisema. "Siku ile nilikuwa nimeshachelewa miaka ishirini na sita. Ningeukata jioni ile ile nilipomaliza kuubuni, kabla sijamwonyesha mtu."

Wakili alimgeukia hakimu kama aliyeshinda. Hakimu aliandika jibu lote neno kwa neno, akamuuliza mshtakiwa jina lake linaandikwaje, na Subilaga akamtajia herufi moja moja.